Koplo Aliyeketi Mkekani

Mkeka ulikuwa umeshatandikwa Koplo Consolata alipoingia uani kwa Mzee Idarusi. Ulikuwa mkeka mpya, wa miyaa iliyotiwa rangi, umetolewa chumbani kwa mkewe, na juu yake ameketi Sele, kijana mkwezi wa minazi, amevishwa kanzu ya kuazima iliyomwishia kwenye ugoko. Mbele yake aliketi Ustadhi Rama, imamu wetu, anasafisha koo. Wanaume walijaa ua mzima, wengine na fimbo mkononi. Sisi wanawake tulisimama upande wa jikoni, kanga tumezifunga viunoni. Binti mwenyewe, Hafsa, alikuwa chumbani, mlango umefungwa kwa nje.

Asiye wa pwani huenda hajui ndoa ya mkeka. Mwanamume na mwanamke wakifumaniwa faragha, na wote hawana ndoa, wazee hawangoji sherehe wala kadi. Mkeka unatandikwa, mashahidi wapo, ndoa inasomwa papo hapo, na aibu inageuka ukoo. Hapa Mkunguni, ng'ambo ya mto Pangani kabla hujafika Ushongo, wapo walioanza ndoa zao hivyo na sasa wanatembea na wajukuu, na sitawataja maana naishi nao. Lakini hao walikuwa watu wazima. Hafsa alikuwa na miaka kumi na saba, na yuko kidato cha nne.

Hatari yote ilikuwa hapo, na uani pale hakuna aliyeifikiria isipokuwa polisi huyo aliyeingia na ndala miguuni. Sheria ya nchi inasema anayemwoa mwanafunzi anakwenda jela miaka thelathini. Anayelala na binti wa chini ya miaka kumi na minane naye ni thelathini, hata binti akiapa kuwa alipenda mwenyewe. Waliosaidia ndoa ifungwe nao wana adhabu yao. Ustadhi Rama angeendelea kidogo tu, angempeleka Sele gerezani kwa bismillahi, na yeye mwenyewe akamfuata nyuma.

"Shikamoo, mzee Idarusi," alisema Consolata.

"Marahaba." Mzee alijibu kwa mazoea tu. "Afande, leo sikukuita."

"Najua hukuniita. Ustadhi, nakuomba usianze."

"Hii ni dini yetu," mmoja wa wajomba akasema kutoka nyuma. "Wewe Mkristo yakuhusu nini?"

"Dini yenu siigusi. Huyo binti ni mwanafunzi. Ikisomwa hiyo ndoa, nawapeleka wote, na kijana huyu hamtamwona tena mpaka ana mvi."

Kelele zikapanda. Fimbo moja ikagonga nguzo ya jiko, sijui kwa makusudi au kwa hasira. Mtu akasema polisi mmoja mwanamke hawezi kuzuia ukoo mzima, na kweli, kwa nguvu asingeweza. Bunduki hakuwa nayo. Nikaona jasho linamtoka chini ya kofia. Basi akafanya jambo ambalo sijaona polisi mwingine akilifanya. Akavua ndala zake, akazipanga vizuri pembeni, akapanda mkekani, akaketi katikati ya Sele na Ustadhi Rama, miguu ameikunja kama mgeni wa kike aliyefundishwa adabu.

"Haya," akasema, "someni basi, mniozeshe na mimi."

Hakuna aliyecheka, ila fimbo zilishuka. Utasomaje ndoa na polisi yuko baina yako na bwana harusi? Ustadhi Rama, ambaye si mjinga, alifunga kitabu chake taratibu.

Sasa niwaambie Consolata ni nani, maana mimi, Semeni, nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu alipohamishiwa kituo chetu kidogo. Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Baba yake, Tadeo, alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, akaoa, akazaa, akazeekea kambini. Siku moja alikamatwa na furushi la nyuzi za mkonge, mabaki yaliyokuwa yanaozea mvuani nyuma ya kiwanda. Alitaka kusuka kamba ya mbuzi. Askari aliyemkamata alikuwa kijana mgeni, akafuata sheria neno kwa neno, na hakukosea hata moja. Tadeo akafungwa. Familia ikatolewa kambini, kwa kuwa chumba kilikuwa cha mfanyakazi na mfanyakazi yuko jela. Aliporudi, anasema Consolata, alikuwa anakula akiwa amewapa mgongo.

Mtoto wa mtu kama huyo akajiunga na polisi. Watu walimcheka. Yeye alisema lazima kwenye mlango wa mahabusu awepo mtu anayejua kuna nini upande wa pili.

Kituoni kwetu pingu zilishika kutu. Waliogombana aliwaweka kwenye benchi la nje, bega kwa bega, bila ruhusa ya kusema neno. Niliwahi kukaa benchi lile na wifi yangu kwa ajili ya jogoo. Tulinuniana mpaka adhuhuri, kisha wifi akaniuliza kama nimeacha maharage motoni, ugomvi ukafia hapo. Mlevi alipelekwa kwake akiwa ameshikwa mkono. Mwizi wa nazi alizirudisha mwenyewe, mchana kweupe, kichwani. Watu walimpa jina, Afande Yaishe, na wengine walilisema kwa kebehi. Wakubwa wake wa mjini walishamwonya kwamba kazi ya polisi ni kukamata na ya hakimu ni kuhukumu, na yeye amejipa zote mbili. Aliniambia onyo hilo huku anachambua mchicha. Nilimwambia wana haki kidogo. Alininunia siku nzima.

Huyo ndiye aliyeketi mkekani.

Aliponyanyuka alimwambia Idarusi amfungulie chumba, azungumze na binti, na akanichagua mimi niingie naye awepo mwanamke wa kushuhudia. Idarusi akatoa ufunguo. Alikuwa muuza mbata anayejiheshimu, mtu wa safu ya mbele msikitini, na siku ile alionekana amepungua kimo. Yeye ndiye aliyewakuta, ndani ya banda lake mwenyewe la nazi, alipotoka kusali alasiri. Sele alikuwa ameshaleta posa mara mbili na mara mbili akajibiwa kuwa binti hapewi mtu anayeshinda juu ya minazi kama ngedere. Sasa alikuwa analazimika kumpa ngedere huyo huyo.

Chumbani Hafsa alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba. Halii. Amevaa kanga mpya, na amepaka wanja. Nikajiuliza, aliyefumaniwa hupaka wanja saa ngapi?

"Hafsa," alisema Consolata kwa sauti ya chini, "nitakuuliza mbele ya Bi Semeni. Sele amekuingilia?"

"Ndiyo," akajibu bila kusita. "Mimi ni mke wake, imebaki kusomewa tu."

"Amekulazimisha?"

"Wallahi hajanilazimisha. Nampenda. Waambie wasome, afande, jua lazama."

Nje mtu aligonga mlango kwa ngumi. "Afande, hatulali hapa!" Consolata hakugeuka. Alimtazama binti yule, na usoni mwake nikaona kitu ambacho nilikuwa sijakiona kwake, hofu.

"Mwanangu, unajua ulichosema kina maana gani?"

"Kwamba tutaozeshwa."

"Kina maana Sele atafungwa miaka thelathini."

Hafsa akacheka. Alicheka kwelikweli, akanitazama mimi nimsaidie kucheka. "Mbona dada yake baba aliolewa mkekani? Bi Semeni, si wewe ulipika pilau?"

"Alikuwa mtu mzima," nikamwambia. "Hakuwa na sare ya shule, Hafsa."

Hapo kicheko kikamkauka. Alituangalia mmoja mmoja akitafuta mzaha, asiuone. Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja, na machozi, na wanja likateremka mashavuni. Kwamba hakuna kitu kilichotokea. Kwamba Sele hajamgusa hata mkono. Rafiki zake Sele walimwambia posa ikikataliwa dawa yake ni mkeka, baba mkali humalizwa na aibu. Basi wakapanga wafumaniwe. Sele aliacha panga na kamba yake ya kukwelea mlangoni kwa banda, makusudi, Mzee aone. Wakakaa juu ya magunia ya mbata wanatafuna korosho, wakingoja baba atoke msikitini.

"Akachelewa," Hafsa alisema kwa kwikwi. "Tukaanza kuogopa hatakuja."

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Wana wa watu wanajitega wenyewe kama panya, halafu wanakaa kwenye mtego wanatafuna korosho. Na nilikuwa na hasira na sisi wakubwa pia, kwa sababu mtego wenyewe tuliutega sisi, tukauita mila, na hakuna aliyewaambia kwamba serikali imeubadilisha meno.

Consolata alikuwa ameshika kichwa. Nilimwuliza anamwamini binti au hamwamini. Akasema anamwamini, ila hapo si mahali pa kuamini. "La kwanza amesema ndiyo. La pili limekuja baada ya mimi kumweleza sheria. Nikiyaandika yote mawili, watasoma la kwanza, la pili watasema nimemfundisha mimi."

"Na usipoandika?"

Simu yake ikaita. Alikuwa mkubwa wake, Inspekta Wilfred, na sauti yake ilisikika mpaka nilipokaa. Mtu alikuwa amepiga video ya mkeka akairusha kwenye kikundi cha WhatsApp cha kata. Inspekta alikuwa Pangani mjini kwenye foleni ya pantoni, anavuka sasa hivi.

Consolata akaweka simu mfukoni. Alisimama katikati ya chumba kile kidogo, na najua alikuwa anafanya hesabu ile ile aliyoifanya maisha yake yote, ya nani arudi nyumbani. Ndoa haikusomwa, kwa hiyo kosa la ndoa halipo. La pili linategemea maneno ya binti, na maneno ya binti yapo kwenye masikio yetu watatu tu.

"Bi Semeni," akasema, "mimi sijamwuliza kitu. Na huyu hajanijibu kitu. Hafsa, ukiulizwa na mtu mwingine, sema kweli, ile ya pili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na Sele?" nikauliza mimi.

"Sele atakana. Nimewahoji wanaume wengi kwa kosa hilo, wenye hatia na wasio nayo. Sijaona hata mmoja aliyekubali."

Hilo lilinitosha na mimi. Nani angedhani?

Tulipotoka, aliwatangazia kwamba hakuna ndoa leo na mkubwa wake yuko njiani. Kusikia hivyo, Ustadhi Rama alikumbuka kuwa hajaadhini, akapita uchochoro wa nyuma. Wenye fimbo nao wakapungua. Lakini Idarusi sasa alipandwa na hasira iliyokuwa imechelewa. Alimrukia Sele akitaka kumkaba, ndugu wakamshika, ndugu wengine wakamzunguka Sele ili asikimbie, na Consolata akawa baina yao, anamsukuma huyu, anambembeleza yule, kofia imeanguka. "Mzee wangu, nakuomba. Nakuomba kaa." Sele alikuwa hatua chache tu kutoka pale, nyuma ya migongo ya wajomba, na hakuonekana mtu mwenye wasiwasi. Alikuwa ananyoosha kanzu yake, anatabasamu. Nilitamani mtu amwondolee lile tabasamu.

Gari la polisi likasimama mlangoni kabla Idarusi hajatulia.

Inspekta Wilfred ni mtu wa Lushoto, Mlutheri wa kanisani, sauti ya upole, na hapindishi. Alisalimia wazee shikamoo kwa mpangilio wa umri, akaomba radhi kwa kuingia, kisha akamwita Consolata.

"Ndoa imefungwa?"

"Haijafungwa, afande. Niliizuia."

"Vizuri sana. Binti umemhoji?"

"Bado, afande."

Neno dogo hivyo. Nilikuwa nimesimama karibu na Consolata na nikatazama chini, nikaona ameshikilia vidole vyake mwenyewe.

"Sawa," alisema Inspekta. Akageuka kwa wanaume. "Kijana ni yupi?"

Wajomba wakafungua njia. Sele akasimama, akashusha pindo la kanzu, akasogea mbele.

"Unasemaje kuhusu haya? Hulazimiki kusema kitu hapa."

"Nasema, afande." Alikuwa amejiandaa, alisema kwa heshima na kwa sauti ya kufika jikoni, maana alitaka mashahidi. "Ni kweli. Hafsa nimeshakuwa naye kama mke. Sikatai. Nimemkosea baba, namwomba radhi mbele yenu wote. Niko tayari kumwoa hata sasa hivi."

Kuku mmoja alipita juu ya mkeka. Kutoka chumbani Hafsa akapiga ukelele wa kumwita jina, akatoka mbio bila mtandio, analia, anasema ni mwongo, nyamaza Sele, hakuna kitu, wallahi hakuna. Sele akamwashiria kwa mkono atulie, kama mume anayemtuliza mkewe mbele ya wageni.

Inspekta alimtazama Hafsa, akamtazama Consolata. Hakufoka. "Kijana amekubali mbele ya watu hamsini. Ndipo binti anatoka anakana. Ungekuwa umemhoji kabla, Koplo, tungekuwa na pa kuanzia. Sasa nani atamwamini?"

Pingu alizitoa Inspekta mwenyewe. Idarusi, ambaye punde tu alikuwa anataka kumkaba, aliona zile pingu akaelewa hatimaye kwamba kijana anafungwa. "Afande, mwache," akasema. "Namwozesha. Mimi baba nimeridhia." Alidhani anamwokoa. Ilibidi mkewe amvute ndani kwa mkono.

Nilipandishwa garini na mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa na binti. Hafsa na mama yake walikaa mbele na Inspekta. Nyuma alikuwa Sele, Consolata, mimi na askari wa gari. Tulikwenda mpaka Bweni, kwenye kivuko. Consolata alikuwa anatazama magoti yake. Nilikuwa na hasira naye, kusema kweli, hasira ya mtu umpendaye. Ile kweli ya chumbani ilikuwa ndiyo nguo pekee ya Sele, na yeye alikuwa ameitupa kwa wema.

Bweni tulikuta pantoni iko ng'ambo. Inspekta akashuka kunyoosha miguu, akasimama peke yake karibu na maji. Consolata akateremka, akanifanyia ishara nimfuate. Nikashuka.

"Afande," akasema, "binti nilimhoji. Nilikudanganya."

Inspekta hakugeuka. "Alisema nini?"

"Kwanza alisema ndiyo. Nikamweleza sheria. Ndipo akasema hapana, akaeleza walivyopanga wafumaniwe ili waozeshwe. Panga na kamba vilivyoachwa mlangoni, korosho kwenye magunia, kila kitu. Bi Semeni alikuwepo."

"Ulimweleza sheria kabla hujaandika."

"Ndiyo."

"Kisha ukaniambia bado."

"Ndiyo, afande."

Pantoni ilikuwa imeshang'oa nanga upande wa mjini, inakuja. Inspekta akavua kofia, akaipangusa ndani kwa leso. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kidogo.

"Consolata, umebakiza muda si mrefu ustaafu. Hapa pana upepo, sijakusikia vizuri. Rudi garini. Kesho binti atahojiwa upya na askari wa dawati la jinsia, atasema hiyo hapana yake, itaandikwa. Wewe hutatajwa. Yaishe."

Nikashusha pumzi. Nilifikiri, Alhamdulillahi, huyu naye ana moyo. Huo ulikuwa mlango ule ule ambao Consolata aliwafungulia wezi wa nazi na walevi na mimi na wifi yangu, na sasa mtu alikuwa amemfungulia yeye.

"Kesho watasema ukoo umemfundisha usiku," alijibu. "Alichoniambia mimi alikisema kabla Sele hajafungua mdomo. Ndiyo maana kina uzito. Bila mimi hakina. Andika kwamba nilimhoji, na andika kwamba nilidanganya, vyote pamoja."

"Nikiandika hivyo tepe zako zinaondoka."

"Ziondoke."

Inspekta akaenda garini kuchukua karatasi. Aliandika amesimama, ameegemea boneti, na mimi nikatia sahihi yangu chini.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi. Sele alikaa rumande mpaka masika yakapita. Maelezo yale, na maelezo ya daktari, na ya rafiki zake waliomshauri upuuzi, yalisomwa na waendesha mashtaka, na mwisho shauri likaondolewa. Hafsa alifanya mtihani wake, akapasi kwa kiasi chake. Hawakuoana. Consolata alivuliwa tepe zote mbili akapelekwa Horohoro, mpakani, kukagua mizigo ya watu asiowajua. Kituoni kwetu wameleta kijana anayekamata kila mtu, na benchi la nje wameliingiza ndani. Wapo wanaosema ndivyo inavyotakiwa. Mimi sijui, na nikijaribu kulifikiria napatwa na hasira na pande zote.

Lakini jioni ile kwenye pantoni hatukuyajua hayo. Gari lilikuwa limepanda, maji yanapita chini yetu, na Sele, mikono imefungwa mbele, akamwinamia Consolata kwa adabu.

"Afande, huko mjini tutasomewa leo leo, au mpaka kesho?"

Consolata alimweleza. Alimweleza kwa maneno machache, bila kuzunguka, sheria yenyewe na miaka yenyewe. Sele alimsikiliza na lile tabasamu bado liko usoni kwa sababu hakujua aliweke wapi. Kisha likaondoka. Akahesabu kimya kimya, midomo inacheza, akafika kwenye umri ambao angetoka nao.

"Hafsa anajua?" akauliza.

"Anajua. Nilimwambia mle chumbani."

"Kabla sijaulizwa?"

"Kabla."

Kijana alitazama mikono yake. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Mimi nilikuwa hapo hapo nje, afande. Mbona mimi hukuniambia?"

Pantoni ikagusa ng'ambo, na Inspekta akasema tushuke.